Hafi Hata Kidogo

Mtaani walimwita Marehemu, naye aliitika.

"Marehemu, umeamkaje?" mwenye duka la kona alimpokea kila asubuhi, huku akimfungia mkate.

"Nimefufuka salama."

"Leo unamzika nani?"

"Nikimkosa mwingine nitakuzika wewe. Hebu lete mkate wangu."

Wateja walicheka. Marehemu naye akacheka, na hapo ndipo kicheko chao kilipokatika. Alipocheka, mashavu yake yaliyobonyea yalizidi kuzama, macho yakarudi nyuma kwenye mashimo yake, na meno marefu yakabaki mbele peke yao kama yamesahauliwa. Siku moja mama mmoja alikiacha kiberiti chake pale kaunta akaenda zake, wala hakurudi kukichukua.

Uso huo ndio uliomlisha karibu maisha yake yote ya utu uzima. Alianza kazi studio akiwa mbeba viti. Mwigizaji aliyetakiwa kulala ndani ya jeneza alikuwa akipiga chafya kila taa zilipowashwa, mpaka mwongozaji wa enzi hizo akachoka, akaangaza macho huku na huku, akamwona kijana mwembamba aliyekumbatia kiti. "Wewe wa viti, hebu lala humu." Akalala. Kamera ilipozimwa, mwongozaji aliinama kumpongeza, akasita, kisha akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo.

Tangu siku hiyo hakubeba tena viti. Alikuwa mchimba kaburi, mlinzi wa mochwari, daktari ambaye wagonjwa wake hawaamki, baba mkwe mwenye sumu ndani ya pete, mzimu wa kisimani, na maiti inayomdondokea mtu anapofungua kabati la nguo. Hakuwahi kuwa jirani wa mtu. Hakuwahi kuambiwa aingie sokoni, anunue nyanya, atoke.

Ufundi wake ulikuwa mambo mawili tu. La kwanza, alijua kupumulia chini, karibu na kitovu, kifua kikatulia kama ubao. La pili, kabla ya kulala sakafuni alitafuta kitu kimoja juu darini, kichwa cha msumari au doa la rangi, akakikabidhi macho yake. Aliuita msumari wa kufia. Akishaupata, aliweza kukaa bila kupepesa mpaka wenzake wakaanza kupepesa kwa niaba yake.

Kwa miaka mingi mambo hayo hayakumwumiza. Yalianza kumwumiza siku binti yake, ambaye alikuwa muuguzi, aliporudi nyumbani na mabegi yake na mtoto wake, ndoa ikiwa imefika mwisho.

Mtoto huyo walimwita Bibi Mdogo kwa sababu alipewa jina la bibi yake, mke wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa marehemu wa kweli katika nyumba ile. Alikuwa na umri wa chekechea, mashavu ya kujaa viganja, na kandambili za plastiki zilizolia chwapu, chwapu kila alipopita. Karibu na babu yake hakupita. Huko walikotoka, alikuwa amemwona kwenye runinga ya majirani akitoka kaburini, udongo ukimporomoka masikioni. Watu wazima waliokuwa wakitazama walidhani mtoto amelala.

Sasa alikula akiwa amejibanza nyuma ya kiti cha mama yake. Mzee alipomenya chungwa na kumnyooshea kipande, mtoto hakukitazama kipande; alivitazama vile vidole virefu vilivyokishika. Basi mzee akajifunza. Alikiweka kipande mezani, akaenda jikoni, akajifanya anakaza bomba lisilovuja. Aliporudi, kipande hakipo. Hivyo ndivyo alivyomlisha mjukuu wake, kama mtu anayemlisha paka wa jirani.

"Atazoea tu, baba," binti yake alimwambia.

"Wewe ulizoea baada ya muda gani?"

Binti akacheka. "Mimi wenzangu shuleni walikuwa wananiogopa kwa ajili yako. Nilifaidi sana."

Ndipo ilipokuja tamthilia ya fundi saa.

Mwongozaji alikuwa mwanamke kijana aliyezoea kutembea na penseli imechomekwa kwenye nywele. Alimwita ofisini kwake akamwambia anatafuta babu. Si babu wa makaburini. Babu wa kawaida, mjane, fundi wa saa, ambaye watoto wa mtaa wanamletea wanasesere na vigari vilivyoharibika, naye anavitengeneza. Marehemu alizisoma kurasa zote akiwa amesimama, kisha akazisoma tena akianzia mwisho, akitafuta mahali anapoua.

"Haui?"

"Haui, mzee wangu."

"Wala hafi?"

"Hafi. Ni babu tu. Nimechoka kukuona umelala."

Alirudi nyumbani akikanyaga kama aliyevalishwa viatu vipya. Akaketi kwenye mkeka, mbali kidogo na kiti cha binti yake, akasema kuelekea nyuma ya kiti hicho, "Bibi Mdogo, babu amepata kazi ya kutengeneza wanasesere. Utamwona kwenye runinga. Huyo babu haui mtu. Wala hafi."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya kiti.

"Hafi?"

"Hafi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza tangu mtoto aingie nyumba ile, na mzee alikaa pale pale mkekani kwa muda mrefu baadaye, akiyarudia kimoyomoyo.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, walitazama wote pamoja. Mwanzoni Bibi Mdogo alichungulia kwa jicho moja. Wiki iliyofuata akatoa kichwa kizima. Jioni moja, babu wa runingani alipokuwa akimshonea mwanasesere mkono, babu wa mkekani alisikia nyuma yake chwapu, chwapu, kisha kimya, kisha chwapu moja ya kujiiba. Hakugeuka. Alipumulia chini, kifua kimetulia, kama yuko kazini. Mtoto akaketi. Baina yao ilibaki nafasi ya urefu wa mkono, na mzee alipoweka kipande cha chungwa katikati ya nafasi hiyo, kilichukuliwa hali yeye mwenyewe bado yupo.

Kilichobaki ni mtoto kukipokea kutoka mkononi mwake. Mzee hakuwa na haja nyingine duniani.

Mwongozaji alipomwita tena, penseli haikuwa kwenye nywele. Alikuwa akiitafuna.

"Mzee wangu, watazamaji hawakuamini."

"Hawaamini nini?"

"Kwamba wewe ni mtu mzuri. Wanatuandikia kila siku. Ulipompa yule mtoto peremende, wakaandika: mtoto, usile! Ulipofunga mlango wa karakana, wakauliza: amemfungia nani humo? Wanasubiri uue, mzee. Ndiyo sababu wanatazama."

"Waache wasubiri. Watachoka."

"Wakichoka watazima." Alihamisha karatasi kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine bila sababu. "Mwandishi amebadilisha. Mke wa fundi saa hakufa kwa homa. Yumo ndani ya kabati, kule karakana. Majirani wanagundua, wanakuvamia, na wewe unaanguka katikati ya saa zako."

"Nakufa."

"Unakufa vizuri sana."

Marehemu alifikiria mkeka, na ile nafasi ya urefu wa mkono. "Na nikikataa?"

Mwongozaji hakuwa mtu mbaya. Aliiweka penseli chini kabla ya kujibu. "Tuna koti lako na kofia yako. Tutamvalisha mtu mwingine, tumpige picha kwa mgongo. Na uso tunao tayari. Njoo uone."

Alimpeleka kwenye chumba cha kuhariri picha, chembamba, kisicho na dirisha, mhariri akalazimika kuinuka ili yeye apate kuingia. Kwenye kioo kulikuwa na kipande walichokirekodi mwanzoni kabisa: fundi saa anamkumbuka mkewe. Mzee alitakiwa kulitazama kabati tu, basi. Siku ile hakuwa ameigiza. Alikuwa amelitazama lile kabati la ubao mwembamba na kuona la nyumbani kwake, ambamo gauni moja la bluu lilikuwa bado limetundikwa kwa kuwa mkono wake ulikataa kumpa mtu yeyote. Sasa walikuwa wamekipunguza mwendo kipande hicho na kukitilia muziki, nyuzi zinazokwaruzana taratibu. Mtu aliyekuwa kwenye kioo alilitazama kabati kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalitisha kuliko panga.

Mhariri alijipangusa mikono, vinyweleo vimemsimama.

"Unaona?" mwongozaji akasema kwa sauti ya chini. "Usoni hatujagusa kitu."

Hapo ndipo mzee alipohisi kweli kwamba chumba hakina dirisha. Akikubali, ameua. Akikataa, ameua vilevile, tena bila hata kuwepo. Angeweza kwenda kulala nyumbani kwake na bado angekutwa na maiti kabatini.

"Nitaanguka mwenyewe," alisema mwishowe. "Msimlaze mtu mwingine ndani ya koti langu."

Nyumbani alimweleza binti yake jikoni, mlango umerudishwa.

"Mwambie tu ukweli, baba. Ni mtoto, si hakimu."

"Nilimwambia hafi hata kidogo."

"Basi siku hiyo tutazima runinga."

"Na majirani nao watazima?"

Binti akaendelea kusuuza kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Siku ya kuanguka ilipofika, mama aliyekuwa akimlea mtoto mchana aliugua ghafla, na binti naye hakuweza kuacha zamu wodini. Walihangaika, wakapiga simu huku na kule, wakakosa. Mwisho wa yote akajitolea Mama Poda, mpambaji wa studio, mwanamke mnene mcheshi ambaye alikuwa amempaka Marehemu weupe wa kifo tangu wote wawili wakiwa vijana. Chumba chake kilikuwa nyuma ya seti, mtoto angekaa humo. Bibi Mdogo alifika akiwa ameshika mkono wa mama yake, akahamishiwa kwenye mkono wa Mama Poda, na katikati ya makabidhiano hayo mkono wa babu haukuguswa.

"Mlango ufungwe," mzee alimnong'oneza Mama Poda. Uso ulikuwa tayari umepakwa, kwa hiyo alinong'ona akiwa ametazama ukutani, mtoto asimwone. "Nakuomba, dada yangu. Asione chochote."

"Marehemu wangu, nenda ukafe kwa amani. Huyu nimempa vitana vyangu vyote avipange. Hana hata nafasi ya kukukumbuka."

Karakana ya fundi saa ilikuwa imejaa saa za ukutani, zote zimesimamishwa ili zisilie wakati wa kurekodi. Kabati lilisimama nyuma yake. Lilikuwa na milango mizuri mbele, lakini mgongo halikuwa nao, ili mafundi waweze kupenya na kumweka mke ndani; na nyuma yake kulikuwa na ujia uliokwenda moja kwa moja kwa Mama Poda. Mzee aliujua ujia huo kama alivyojua njia ya chooni kwake. Alikuwa ameusahau tu.

Alilala chali. Wakamwagia damu ya sharubati kando ya sikio. Juu, kwenye nguzo ya taa, akaona skrubu moja inayong'aa, akaikabidhi macho.

"Mama Poda, shavu linang'aa, njoo mara moja!" Mama Poda akaja mbio na poda yake, akagusa shavu, akajibanza nyuma ya taa.

"Kimya! Tunarekodi."

Kukawa kimya. Kisha, kabla ya mtu mwingine yeyote, mzee akasikia.

Chwapu. Chwapu.

Mlango wa kabati ukalia, ukafunguliwa kutoka ndani. Hakuweza kugeuza macho, lakini alisikia watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja, na Mama Poda akijiziba mdomo. Mpiga picha hakuzima kamera. Mwongozaji alikuwa ameinua mkono, akausahau hewani.

Mzee alikuwa amelala katikati ya taa, na hapakuwa na njia. Akiinuka, mtoto ataona maiti ikiinuka ikiwa na damu sikioni, kama ile ya kaburini, na safari hii hakuna kioo cha kuwatenganisha. Asipoinuka, ataona kwamba babu amekufa, huyo huyo aliyemwambia hafi hata kidogo. Akashikilia lile alilolijua. Alipumulia chini. Hakupepesa.

Kandambili zikasimama kando ya bega lake. Mtoto hakuwahi kumkaribia kiasi kile. Alisikia harufu ya poda nyweleni mwake, na kitana kimoja kikidondoka sakafuni. Kisha akachuchumaa.

"Babu." Haikuwa sauti ya woga. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekuja kudai haki yake. "Ulisema hufi."

Skrubu ikaanza kuyumba. Machozi yalikuwa yakijikusanya, na maiti hairuhusiwi machozi.

"Ulisema hata kidogo."

Mzee akaiacha skrubu. Jicho moja, lile la upande wa mtoto, na hilo tu, likafumba, likafumbua.

Mtoto akafikiri.

"Umekufa nusu?"

Jicho likafumba, likafumbua.

Kidole kidogo kikaja, kikatua juu ya kope, kikalifunga jicho kwa uangalifu, kikaliachia. Likafunguka. Kikalifunga tena. Likafunguka. Bibi Mdogo akaangua kicheko, kicheko cha tumboni kilichogonga kwenye zile saa zote zilizosimama, na pembe ya mdomo wa maiti ikamsaliti mwenyewe.

"Kata!" mwongozaji akapiga ukelele, mikono kichwani. "Kata, kata! Mtoto wa nani huyu?"

"Nilimwacha na vitana!" Mama Poda alikuwa karibu kulia. "Naapa nilimwacha na vitana!" Akainama kumbeba, lakini mtoto alikuwa ameshika kola ya koti la maiti kwa mikono yote miwili.

"Kufa tena, babu," akasema.

Ilibidi afe tena. Akafa, na akafa tena, mtoto akiwa amepakatwa na Mama Poda kando ya kamera, ameapishwa kunyamaza, naye akinyamaza kwelikweli, macho yamemtoka kwa furaha. Lakini kila mzee alipoikabidhi skrubu macho yake, mdomo ulipanda upande mmoja. Hakuwa amepata kuharibu kifo hata kimoja maishani mwake. Siku hiyo aliviharibu vyote. Mwishowe taa zikaanza kuchemka, watu wakaona njaa, na mwongozaji akasema basi, kitachukuliwa hivyo hivyo kilivyo.

Kikaonyeshwa hivyo hivyo. Fundi saa akaanguka katikati ya saa zake, akafa akitabasamu, na hakuna alichowahi kukifanya mzee yule kilichotisha watu kama tabasamu hilo. Waliandika kwamba wamewasha taa za nyumba nzima. Waliandika kwamba mwigizaji huyu ana roho ya chuma.

"Marehemu," mwenye duka alimwuliza kesho yake, na safari hii aliusogeza mkate kwa ncha za vidole, "pale ulipokufa, ulikuwa unamcheka nani?"

"Mjukuu wangu."

Wateja wakatazamana. Mmoja akarudi nyuma hatua.

"Jamani," akanong'ona, "hata mjukuu?"

Mzee alifungua kinywa aeleze. Akaziona nyuso zao, akakifunga, akachukua mkate wake.

Nyumbani Bibi Mdogo alikuwa akimsubiri mlangoni. Siku hizi alimsubiri kila siku, na kila siku alikuwa na neno moja.

"Kufa."

"Acha kwanza nivue viatu, mama."

"Kufa na viatu."

Akajilaza mkekani. Mchezo ulikuwa na sheria, na sheria zote alizitunga mtoto: babu afe, yeye akague macho, akague kifua, amtilie kipande cha chungwa mdomoni, na hapo ndipo maiti iruhusiwe kuamka. Siku za nyuma mzee aliwahi kujaribu kubadilisha. Alipendekeza mchezo wa duka, mchezo wa basi, akapendekeza awe babu tu, akae amsimulie hadithi. Mtoto alimsikiliza kwa adabu, kisha akarudi nyuma ya kiti. Aliyemzoea alikuwa maiti. Babu bado alimpa mashaka.

Basi akawa amekufa, macho kwenye doa la darini, Bibi Mdogo ameegemea tumbo lake na kumenya chungwa mwenyewe, kwa kucha, kipande cha ganda baada ya kipande. Simu ikalia mfukoni mwa koti. Mtoto akaitoa, akaibonyeza kama alivyomwona mama yake akifanya.

"Babu amekufa," akatangaza.

Kicheko cha mwongozaji kilisikika mpaka mkekani. "Amekufa? Basi mwambie akifufuka anipigie. Watu wanamtaka fundi saa. Tunamrudisha, awe mzimu. Umesikia, mwanangu? Mzimu. Msimu mzima."

"Hawezi kuongea. Hajala chungwa."

Akaiweka simu chini kabla upande wa pili haujamaliza, akarudi kwenye kazi yake. Juisi ilimchuruzika kwenye kiwiko, ikadondokea shati la babu. Mzee alihisi ubaridi wake kifuani, na uzito ule mdogo tumboni ukipanda na kushuka pale pale alipofundishwa na kazi yake kuficha pumzi.

"Usicheke," Bibi Mdogo akamwonya bila kuinua macho. "Maiti hawacheki."

Akajitahidi asicheke. Ganda lilikuwa gumu na vidole ni vidogo. Chungwa lingechukua muda. Akakifungua kinywa kidogo, tayari, akaendelea kulitazama doa lake. Hakuwa na pa kwenda.